Shusha Wavu, Harlan

Gari la mbio la kule halina mlango. Ukilitazama kwa mbali utadhani linayo milango kama magari ya watu wengine, lakini ukisogea unakuta imechomelewa, bati tupu, na anayetaka kuingia anaingia kwa dirishani, mguu kwanza, kama mwizi. Akishakaa, kiti kinambana mbavu, mikanda inamfunga mabega, kiuno na mapaja, usukani unaletwa na kupachikwa mbele yake, na mwisho kabisa mtu aliye nje anapandisha wavu mweusi dirishani na kuubana juu kwa kishikizo, ili gari likibiringika mkono wa dereva usije ukatoka nje. Hapo ndiyo basi tena. Hata pua ikikuwasha utavumilia, maana helmeti imeziba.

Harlan Absher alipandishiwa wavu huo mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na mitano, na aliyempandishia ni baba yake mzazi, Verlin. Alimuuliza kama anataka? Thubutu! Kwenye vilima vile vya Carolina Kaskazini mtoto wa Verlin Absher haulizwi kama anataka kuendesha, kama vile kifaranga hakiulizwi kama kinataka kuchakura.

Maana Verlin alikuwa Verlin. Enzi zake aliendesha gari namba arobaini na moja, na wazee wanaokaa mbele ya duka la chakula cha mifugo bado wanabishana kuhusu kona alizozipita. Walisema angefika mbali, angekwenda kwenye mbio kubwa zile za kuonyeshwa kwenye televisheni, angejenga nyumba yenye nguzo mbele. Halafu, Harlan akiwa bado ananyonya, Verlin akaugonga ukuta wa kona ya nne. Wavu haukushuka. Alitolewa kwa machela, amefumba macho, na tangu siku hiyo akatembea na mkongojo, mgongo umepinda kidogo upande wa kulia. Hakupanda tena gari la mbio. Watu walimlilia kama wanavyomlilia mtu aliyekufa, na walipochoka kumlilia wakamgeukia mtoto. Kanisani, kwa kinyozi, dukani, kila mtu swali moja: "Huyu naye atapanda lini?" Mtoto hajaanza hata kutambaa!

Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Harlan aliambiwa asane, avukute, na moto auwashe yeye.

Sasa nieleze jambo la wavu, kwa sababu bila hilo hutanielewa. Dereva wa kule akigonga, jambo la kwanza, kabla hajazima injini, kabla hajamtukana aliyemgonga, ni kushusha wavu wa dirisha. Wavu ukishuka, uwanja mzima unajua jamaa ni mzima; watu wanapiga makofi, akina mama wanashusha pumzi, na wahudumu wanakwenda taratibu huku wanatafuna karanga zao. Usiposhuka, bendera nyekundu inapepea, gari la wagonjwa linatoka mbio, na watu elfu kadhaa wananyamaza hivi kwamba unasikia mtoto akilia ng'ambo ya pili. Hakuna anayelichezea jambo hilo. Watu wa kule wanadanganya uzito wa gari, wanadanganya mafuta, wengine wanadanganya wake zao na wachungaji wao. Wavu hawaudanganyi.

Mama yake, Treva, alikuwa na sharti moja tu. Yeye haangalii mbio. Kila Jumamosi huliegesha pikapu lake nyuma ya trela lililoleta gari la mbio, limeupa uwanja mgongo, akakaa ndani na bakuli la maharage mabichi mapajani, akiyavunjavunja na kusikiliza. Kwa mlio tu alijua gari la mwanawe liko wapi. Kabla Harlan hajapanda, alimwita kwenye dirisha la pikapu na kumshika sikio kama mtoto mdogo.

"Ukigonga unafanya nini?"

"Nashusha wavu, Mama."

"Kabla ya nini?"

"Kabla ya kila kitu."

"Haya nenda. Na funga hizo kamba za viatu."

Kama kijana asingejua kuendesha, hadithi ingekuwa fupi na mimi ningekuwa nimeshakwenda kulala. Shida ni kwamba alijua. Loo, alijua! Msimu wa kwanza alimaliza wa mwisho mara nyingi, kwenye gari bovu, namba ile ile arobaini na moja, alilounganishiwa na baba yake pamoja na mjomba wake Odell, kaka yake Treva. Msimu wa pili akaanza kuwapita watu wazima. Msimu wa tatu akashinda mara ya kwanza, na jioni ile Odell alimbeba mabegani mpaka wote wawili wakaanguka kwenye matope. Alikuwa na mikono mitulivu. Gari likianza kuteleza wengine wanapigana nalo, yeye analibembeleza, linarudi. Kitu hicho hakifundishiki. Wazee wa dukani walitazamana na kusema, "Verlin amerudi."

Ila kuna jambo ambalo hawakulijua. Kijana alikuwa anaogopa, na si ile hofu ndogo ya kupita. Kuanzia Alhamisi tumbo lilimwaka moto, Ijumaa hakula, Jumamosi, dakika chache kabla ya kupanda, alikwenda nyuma ya trela akatapika mpaka machozi. Na hiyo ndiyo bahati mbaya ya mahali kama pale: hata kutapika kulihesabiwa kuwa ushujaa.

"Mwacheni," Odell alikuwa akipayuka. "Anapunguza mzigo, gari liwe jepesi!"

"Hata mimi nilikuwa natapika," Verlin alisema, anaangalia pembeni. "Kila wiki."

"Si unaona? Dereva asiyetapika hana moyo."

Basi Harlan akapangusa mdomo, akaingia kwa dirishani.

Alichokitaka hakikuwa kikubwa. Hakutaka kwenda mjini, hakutaka kuwa daktari. Kazi ya mabanda ya kuku aliyofanya na baba yake aliipenda, harufu na yote. Alitaka Jumamosi kama za watu wengine: kuamka, kuvua samaki mtoni, kula mkate wenye nyama ya kukaanga, kulala mchana bila kuota ukuta. Kilio chote kilikuwa hicho, Jumamosi tu. Lakini jaribu kumwambia mtu! Utaanzaje? Mwenye duka la mbegu katoa matairi. Kanisa limeuza keki kununua injini. Na kwenye boneti, herufi kubwa nyeupe, tangazo la nyumba ya mazishi ya Tilley, wauza majeneza, waliolipia rangi. Dewey Minton, dereva wa namba nane, mtu mzima mwenye tumbo na masharubu, hakuchoka na hilo.

"Harlan! Wenzako wanapelekwa kwa Tilley, wewe unajipeleka mwenyewe?"

"Nakuwekea nafasi, kaka Dewey. Naambiwa sanduku la saizi yako linatoka kiwandani kwa oda."

"Mshenzi wewe!" Dewey alicheka mpaka masharubu yakatetemeka. Alimpenda yule kijana. Alimgonga kila wiki, lakini alimpenda.

Mara moja tu Harlan alijaribu. Asubuhi, bandani, wawili peke yao na kuku elfu kadhaa, alisema bila kumtazama baba yake:

"Baba, mwaka huu kama nikipumzika je?"

Verlin aliacha alichokuwa akifanya. Aliuweka ule mkongojo kando, akamtazama mwanawe kwa muda mrefu, mdomo umefunguka kidogo, na Harlan akaona kabisa kwamba kuna neno linakuja. Hapo hapo pikapu la jirani likaingia uani, mlango ukapigwa, sauti ikaita, "Haya, Mzee Verlin, bingwa wetu yuko wapi?" Verlin akaudaka mkongojo, akauegemea, sauti ikapanda juu: "Huyu? Mwaka huu anawala wote, wallahi hawabaki!" Neno lile likarudi lilikotoka.

Na mwezi huo huo kulitokea kingine. Fahali wa jirani alivunja uzio akaelekea barabarani, na Verlin akamkimbilia, mbio za kweli, mpaka bondeni. Mkongojo ulibaki umeegemea mlango wa banda. Harlan aliuona, akaduwaa, halafu akajijibu mwenyewe: hofu ina nguvu, hata kiwete hukimbia akiona hasara. Akaupeleka mkongojo bondeni. Baba yake aliupokea, akarudi nao nyumbani polepole sana.

Halafu akaja bwana mmoja kutoka mji wa Charlotte.

Jina lake Cagle, mwenye timu kwenye mbio kubwa, shati jeupe, viatu visivyojua matope. Alikuwa akisikia habari za kijana wa vilimani mwenye mikono mitulivu, akatuma salamu: Jumamosi hii atakuja kutazama. Akiridhika, kijana anasaini, anahamia Charlotte, anaendesha kila Jumapili mpaka azeeke au afe.

Wilaya nzima ikapandwa na wazimu. Jumapili ile mchungaji alimwombea Harlan kwa jina, kanisa zima limeinua mikono juu yake, na yeye katikati, jasho jembamba likimtoka, akihisi kila kiganja kina uzito wake. Wanawake walileta pai. Binti wa shule ya msingi alimpa picha aliyoichora, gari namba arobaini na moja lina mabawa.

"Mjomba," alimwambia Odell wakifunga matairi, "hivi mtu akisaini kule, anaweza kuacha?"

Odell alicheka. "Kuacha? Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, baba. Na wewe hapo huna hata chupi!"

Jumamosi ikafika. Jua lilikuwa bado juu ya vilima, harufu ya vitunguu vya kukaanga na mpira uliounguzwa imetanda, watu wamejaa mpaka kwenye ukingo wa majani. Bwana Cagle alikaa juu, karibu na kibanda cha mtangazaji. Kofia zikavuliwa, mchungaji akaomba, wimbo ukaimbwa. Harlan alitapika, akashikwa sikio na mama yake, akajibu maswali yake, akaingia dirishani.

Verlin akaja na wavu. Aliupandisha, akaufikisha kwenye kishikizo, akasita.

"Baba," Harlan alisema.

"Nini?"

Uso wa baba ulikuwa karibu hivi, umekatwakatwa miraba na kamba nyeusi. Harlan alitaka kusema. Nyuma ya baba kulikuwa na watu wamesimama kwenye viti wakiita jina lake.

"Hamna kitu."

Verlin alikaa na mkono juu ya wavu kwa muda usio wa kawaida. Kisha akaubana. Kishikizo kikalia, tak.

Mbio zenyewe wanaojua watakusimulia vizuri kuliko mimi. Ninachojua ni kwamba kijana aliendesha kama hajawahi. Magari yale yanakata kushoto tu, kushoto, kushoto, saa nzima kushoto, ukifika ulikotoka unaambiwa hongera, rudia. Alimpita mmoja, akampita mwingine, akaongoza. Na masikioni, ndani ya helmeti ambamo hata mawazo yako hayana faragha, sauti ya baba yake kwenye redio: "Vizuri. Tulia. Dewey yuko nyuma yako, mwache ajichoshe. Vizuri." Mizunguko ya mwisho mwisho ikaja. "Bwana Cagle amesimama," redio ikasema. "Mwanangu, amesimama. Anapiga makofi."

Harlan aliona maisha yake yote mbele, nayo yalikuwa kushoto.

Dewey alimgusa kwenye kona ya nne. Wala hakuwa na ubaya. Ni yale yale ya kila wiki, bampa kwa bampa, sogea mzee apite. Nyuma ya gari ikaanza kuteleza. Mara mia Harlan alishalirudisha gari kutoka pale. Safari hii mikono haikulirudisha, na mpaka leo mwenyewe hawezi kuapa kama ilishindwa au ilikataa. Ukuta ukaja upande wake. Kishindo, bati likapiga kelele, anga ikazunguka, kisha gari likateremka taratibu mpaka kwenye majani na kusimama limetazama lilikotoka.

Kimya.

Alikagua vidole vya miguu. Vinacheza. Shingo, nzima. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshapanda wenyewe kwenye kishikizo cha wavu, kwa mazoea, vidole tayari kuvuta.

Ukasimama hapo.

Wazo lilikuja bila kubisha hodi. Ukivuta, watapiga makofi. Odell atalinyoosha bati kabla ya Jumatano. Bwana Cagle atasema ajali hutokea, kijana jasiri huyo, niletee kalamu. Usipovuta... Hapo hakumalizia. Aliushusha mkono akaulaza mapajani.

"Shusha wavu, Harlan," redio ilisema.

Bendera nyekundu ilitoka. Magari mengine yalisimama, injini moja baada ya nyingine ikazimwa.

"Mwanangu. Shusha wavu."

Aibu nayo ilikuja, lakini kabla yake, Mungu amsamehe, kilikuja kitu kitamu: hakuna mtu aliyekuwa akitaka kitu kwake. Watu wote wale walikuwa hawamwiti tena. Walikuwa wanamwombea tu. Redio ilinyamaza. Alivuta pumzi mpaka chini kabisa, pumzi ambayo hakuwa ameivuta tangu akiwa na miaka kumi na mitano.

Kisha kupitia matundu ya wavu akamwona mama yake.

Treva alikuwa ameruka ukuta. Mwanamke yule mnene, wa kanisani, ambaye miaka yote hakuugeuzia uso uwanja ule, alikuwa anakimbia katikati ya lami, kiatu kimoja kimepotea, maharage yanamdondoka kwenye aproni. Mhudumu alijaribu kumzuia akasukumwa pembeni. Roho ya Harlan ilipasuka. Nimefanya nini? Alikuwa ameniomba jambo moja! Mkono ukaruka juu kwenye kishikizo.

Mkono mwingine ukaudaka kutoka nje. Ulipita kwenye matundu ya wavu na kuvishika vidole vyake kwa nguvu kama koleo.

"Mama, mimi mzima! Nisamehe Mama, mimi mzima, niko..."

"Nyamaza." Alikuwa anahema. "Vidole vya miguu?"

"Vinacheza."

"Shingo?"

"Nzima. Mama, nilikuwa tu..."

"Najua ulikuwa nini." Aligeuka akatazama nyuma, gari la wagonjwa lilikuwa limeshapita kona ya pili. Aliporudisha uso, Harlan alitegemea hasira, au machozi. Hakuona hata moja. Aliona uso wa mama yake akipima unga. "Sikiliza. Weka mkono chini. Fumba macho. Wakikuuliza, mgongo. Usiseme kichwa, kichwa wanakipiga picha. Mgongo tu, chini hapa, na miguu unaisikia kwa mbali. Picha ya mgongo haiwaambii kitu."

"Mama?"

"Fumba macho, Harlan!"

Alifumba. Na mama yake akasimama, akaugeukia uwanja, akapiga ukunga ambao watu wa kule wanausimulia hadi leo.

Wavu ulikatwa kwa kisu. Alivutwa nje kwa dirisha, kwenye ubao, amefungwa shingo, kila mkono uliomgusa unamgusa kama yai. Uwanja mzima ulikuwa umevua kofia. Gizani mwa macho yake alisikia mwanamume akilia karibu, kilio kibaya cha mtu asiyejua kulia, na kati ya kwikwi neno moja tu, "Nilimgusa tu. Nilimgusa tu." Alikuwa Dewey. Harlan aliuma ulimi mpaka ukatoka damu, maana la sivyo angefumbua macho.

Hospitali walipiga picha, wakazishika kwenye taa, wakakuna vichwa. Mgongo ni mgongo, daktari alisema. Unaweza kuonekana mzuri na mtu asitembee vizuri tena. Mbio, hapana. Bwana Cagle alituma maua na kadi yenye maneno mazuri. Hakuja tena.

Na Harlan akapata Jumamosi yake. Jumamosi ya kwanza aliletewa pai na kuku wa kuoka kutoka kila nyumba, na watu wakakaa kando ya kitanda, kofia mkononi, wanaongea kwa sauti ya msibani. Aliyewahi kupiga makofi kwa nguvu zaidi sasa alilia kwa nguvu zaidi. Dewey alikuja na paja zima la nguruwe la chumvi, akaliweka sakafuni, miguuni pa kitanda.

"Nimeshaliuza gari," alisema. "Sipandi tena mimi."

"Kaka Dewey, usifanye hivyo. Haikuwa wewe, ni..."

"Ilikuwa mimi. Usinitete, kijana. Nitakuletea nyama kila wiki mpaka nife."

Harlan aligeukia ukutani. Wakadhani ni maumivu, wakatoka nje kwa ncha za vidole. Kwenye baraza ya mbele alimsikia mzee mmoja wa dukani akimfariji baba yake: "Usivunjike moyo, Verlin. Kijana ataoa. Atazaa. Arobaini na moja itarudi uwanjani." Na wengine wakaitikia, amina.

Ilikuwa Jumapili iliyofuata, asubuhi, nyumba tupu, au ndivyo alivyodhani. Alishuka kitandani akaenda jikoni kutafuta maziwa. Alitembea wima, haraka, kama kijana mwenye miaka yake. Alikuwa ameshayatoa kwenye friji mlango wa nyuma ulipolia na baba yake akaingia, amevaa suti ya kanisani.

Harlan aliganda. Akaishika meza, akapinda kiuno, akaanza kuguna. Hata yeye alijisikia jinsi alivyochelewa.

Verlin aliuegemeza mkongojo wake ukutani, karibu na mlango. Kisha akatembea kutoka mlangoni mpaka mezani, mgongo umenyooka kama mlingoti, akavuta kiti, akakaa. Treva alikuwa amesimama nyuma yake kwenye kizingiti, mkoba mkononi, anatazama sakafu.

"Alikuambia mgongo?" Verlin aliuliza.

Harlan aliiachia meza, akanyooka.

"Usiseme kichwa, kichwa wanakipiga picha?"

"Ndiyo, Baba."

"Na mimi aliniambia hivyo hivyo. Nilikuwa siwezi tena. Nilikaa mle ndani mkono uko kwenye kishikizo, nikashindwa kuvuta." Alikuwa anaongea polepole, kama mtu anayeteremka ngazi asizoziona. "Wewe ulikuwa mgongoni mwake umefungwa na shuka. Alikimbia na wewe."

Maziwa yalikuwa bado mkononi mwa Harlan. Aliyaweka chini kwa nguvu mpaka yakaruka.

"Kwa hiyo ulijua! Miaka yote natapika unaniangalia, unajua! Kwa nini ulinipandisha?"

"Walikuwa wananiuliza utapanda lini." Verlin alijipangusa uso kwa viganja vyote viwili. "Ningewajibu nini mimi? Niseme mbio ni mbaya, mimi niliyeonewa na ukuta, niliyeliliwa na wilaya nzima? Wangejua niliacha mwenyewe. Kila walipouliza nilicheka, na kila nilipocheka wewe ulisogea karibu na lile dirisha. Juzi nilisema siubani wavu. Nikaubana."

"Mama, na wewe?"

"Kila wiki nilikuambia ushushe," Treva alisema. "Kila wiki nilikaa kwenye pikapu naogopa siku hutashusha. Na naiomba."

Kijana alilia, na hakuficha. Baba yake alinyoosha mkono akamshika kisogo, wakakaa hivyo, na labda yangesemwa mengi, kwa sababu walikuwa na miaka mingi ya kuyasema. Lakini nje kokoto zikalia chini ya magurudumu. Mlango wa pikapu ukapigwa. Dewey Minton alikuwa amekuja mapema na nyama yake, amwahi kabla ya kanisa, ambebe mgonjwa kwa gari lake mwenyewe.

Verlin alisimama. Alikwenda ukutani akauchukua mkongojo, na Harlan akaona kwa macho yake jinsi inavyofanyika: bega linashuka, nyonga inasukumwa, uso unavaa uvumilivu, na mtu mzima wa miaka arobaini na ushei anakuwa mzee. Kisha akafungua kabati la mifagio, akatoa mkongojo mwingine, mpya, mti mweupe uliopigwa msasa vizuri. Alikuwa ameuchonga wiki nzima.

"Chagua mguu mmoja," alisema kwa sauti ya chini, akimpa. "Mmoja tu, na usije ukasahau ni upi. Mimi mwaka wa kwanza nilisahau mara mbili, mama yako ndiye aliyenikanyaga kunikumbusha."

Dewey alikuwa ameshafika barazani, anabisha.

"Hodi humu! Mgonjwa wangu ameamkaje?"

Harlan aliushika mkongojo kwa mkono wa kushoto, akainama.

"Karibu, kaka Dewey," aliitikia. "Naja. Naja taratibu."